Wanja wa Mgumba

Tulipoachana wiki iliyopita, Daktari Rehnuma alikuwa amesimama katikati ya wodi ya vichanga, ameshusha barakoa hadi kidevuni, na ametamka maneno yaliyomkausha kila mtu mate: "Bakteria hawa tumewapata kwenye mkono wa mtu. Na mtu huyo yumo humu ndani."

Wewe uliyelikosa gazeti, sogea nikudokezee. Katika hospitali hii ya Rangpur, watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao wanashikwa na homa mmoja baada ya mwingine. Wanapigwa sindano, homa haishuki. Inabadilishwa dawa, homa iko pale pale. Wawili wameshazikwa. Ndipo daktari alipoamuru wauguzi wote wapanguswe vidole kwa pamba, pamba zipelekwe maabara, ijulikane nani anawabebea watoto maradhi yasiyosikia dawa.

Wote walipanguswa, kasoro mmoja. Morjina hakupanguswa kwa kuwa Morjina si muuguzi. Hana sare wala mshahara. Ni mama wa makamo anayekuja alfajiri, anafua nepi, anambembelezea mtoto mama aliyeishiwa nguvu, na jioni anaondoka na chochote atakachopewa. Wote humwita khala, yaani mama mdogo. Lakini ulipofika wakati wa kuhesabu watu wa wodi, khala hakukumbukwa na mtu.

Alikuwa kasimama pembeni na ndoo yake, mkono wa kulia kauficha ndani ya pindo la sari.

"Sista Kalpona," daktari alisema. "Ni wewe."

"Mimi?" Sista Kalpona alirudi nyuma hatua moja. "Daktari, mimi nanawa mpaka ngozi inachubuka!"

"Najua unanawa. Lakini hizo bangili."

Kila mtu alizitazama zile bangili nyeupe za kombe. Mke wa Kihindu havui bangili zile mumewe akiwa hai, hata aambiwe na nani.

"Nivue bangili? Nimfanye mume wangu marehemu, naye yuko nyumbani anakunywa chai?"

Mtu alicheka, akajikatiza.

"Nenda nyumbani, Kalpona," daktari alisema, na sauti yake haikuwa na raha. "Leo hii. Mpaka wakubwa wakae kikao."

Hapo ndipo Bibi Jobeda alipoupata mwanya aliokuwa akiungoja. Huyu ni bibi wa mtoto wa kitanda cha dirishani, mtoto pekee katika wodi nzima ambaye homa haijamgusa. Mjukuu wa kiume, mnene, ana mashavu. Bibi mwenyewe ana ulimi wa pilipili.

"Mimi nilisema zamani!" alipaza sauti. "Nilisema wodi hii ina jicho! Humu ndani kuna mgumba anashikashika watoto wa watu, nyie mnahangaika na bangili!"

Hakumtaja jina. Hakuwa na haja. Macho yote yalimgeukia Morjina, halafu yakageuzwa haraka.

Ngoja nikuambie jambo moja, msomaji wangu, ulielewe vizuri. Morjina aliachwa na mumewe kwa sababu tumbo lake halikumpa mtoto. Mume akaoa mwingine, akajaza nyumba. Morjina akabaki na chumba kimoja cha mabati nyuma ya kituo cha reli. Na kule mtaani, kila alipopita, kina mama walifunika watoto wao. Mgumba ana jicho, walisema. Akimtazama mtoto kwa hamu, mtoto hunyauka.

Alipokuja wodini mara ya kwanza, hapa nako wakafunika. Ikamuuma. Basi akatafuta njia yake. Alitengeneza wanja mwenyewe, masizi ya taa ya mafuta ya haradali akayachanganya na samli, akautia kwenye kikopo cha zeri kilichokwisha. Kila mtoto aliyeingia, Morjina alichovya kidole, akamtia doa jeusi pembeni ya paji la uso, ili aonekane ana kasoro, hasidi asimtamani.

"Hasidi mnayemwogopa si ndiye mimi?" alikuwa akiwaambia kina mama, huku akicheka wasione linavyomchoma. "Basi nimejifunga mwenyewe. Haya, nipeni mtoto nimpakate."

Nao wakampa. Kwa lile doa Morjina alipata ruhusa ya kushika watoto.

Bibi Jobeda peke yake ndiye aliyekataa.

Sasa rudi nami wodini. Daktari Rehnuma alikuwa amemwinamia yule mjukuu wa dirishani, amekunja uso.

"Kuna kitu hakiniingii akilini," alisema. "Mtoto huyu anahudumiwa na Kalpona huyu huyu, kwa maji haya haya. Mbona hana homa? Wenzake wana nini ambacho yeye hana?"

"Wana jicho la mgumba!" Bibi Jobeda alidakia. "Wangu nilikataa asimguse. Hata wanja wake, siku ya kwanza tu nilimfuta mtoto kwa shali!"

Simu ya daktari iliita, akageuka kuipokea. Hakulisikia neno hilo, au alilisikia likapita.

Morjina alilisikia.

Aliinua macho, akatazama kitanda hadi kitanda. Doa. Doa. Doa. Kila kipaji cha uso kilichokuwa kinaungua homa kilikuwa na alama ya kidole chake. Cha mjukuu wa Bibi Jobeda kilikuwa cheupe, safi. Akaishikilia ndoo kama mtu anayezama.

Na wakati huo huo mlango ukafunguliwa, akaingia bwana mmoja mwembamba aliyevaa sweta na kukumbatia mkoba. Ni Bwana Mokhles wa ustawi wa jamii.

"Morjina ni nani? Ni wewe, mama? Haya, ombi lako la kulea mtoto limekubaliwa. Adhuhuri utaweka dole gumba kwenye karatasi, mtoto wako utamchukua mwenyewe akipona."

Lahaula! Siku ile ile, saa ile ile!

Mtoto mwenyewe alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na ukuta. Mama yake alikufa akimzaa. Baba alikuja mara moja, akauliza, "Msichana?" akaondoka, na mpaka leo hajaonekana. Hakuna shangazi wala bibi aliyemfuata. Morjina ndiye aliyempa jina, Tuni, kwa ajili ya kile kindege kidogo kinachoshona majani. Ndiye aliyemlisha maziwa kwa kijiko, tone kwa tone. Na kwa mara ya kwanza tangu aachwe, Morjina alikuwa amethubutu kutaka kitu.

Tangu jana Tuni alikuwa na homa. Na kipajini alikuwa na doa, kubwa kuliko la wote, kwa sababu ndiye aliyependwa kuliko wote.

"Adhuhuri," Bwana Mokhles alirudia. "Usichelewe, nina kazi nyingine."

"Sichelewi," alijibu Morjina, na hakuitambua sauti yake.

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Ukungu wa baridi ulikuwa haujainuka, hata mti wa karibu huuoni. Alikuwa anakwenda kwenye mtaro wa kufulia kutupa kile kikopo. Akishakitupa, atanawa. Akishanawa, ataweka dole gumba. Nani atajua? Mkono wake haukupimwa. Yeye hata kwenye makosa hahesabiwi.

Lakini kwenye jiwe la kufulia alimkuta mtu. Sista Kalpona alikuwa amekaa na kikombe cha chai iliyopoa, aproni imekunjwa magotini. Katika wodi nzima, Kalpona ndiye pekee aliyekuwa akimuuliza Morjina kama amekula.

"Njoo khala, kaa," Kalpona alisema. Alimega kipande cha pitha, keki ya mchele iliyojaa sukari guru, akampa. "Kula. Leo ni siku yako."

"Watakufanya nini?"

"Wanifanye nini zaidi? Mtaani watasema Kalpona kaua watoto. Binti yangu ana posa. Unafikiri wale watu watakuja tena?"

"Labda si wewe."

"Wamewaona hao bakteria kwenye mkono wangu, khala. Kwa darubini. Utabishana na darubini?" Alijipangusa machozi kwa kiwiko. "Tena wanasema ni sugu hao, kila dawa wameshaizoea. Nimekaa hapa najiuliza, niliwatoa wapi? Nilimshika nani?"

Morjina aliishusha pitha magotini, machozi yanamdondoka.

"Usilie bwana," Kalpona alimwambia. "Angalau mmoja wetu leo arudi nyumbani na furaha."

Aliinuka, akaondoka na aproni yake, ukungu ukamfunika.

Nyumbani! Nyumbani kwa Morjina kulikuwa na sahani moja na bilauri moja. Kwa miaka yote alikula akitazama ukuta. Wiki hii tu ndipo aliponunua bilauri ya pili, ndogo, ya bati, akaiweka kando ya yake, na usiku aliamka kuitazama. Mwanamke mtu mzima, anaamka kuitazama bilauri! Alijicheka mwenyewe gizani, halafu akalia.

Sasa alikuwa amesimama juu ya mtaro, kikopo mkononi. Kwani yeye aliua kwa kusudi? Alipaka kwa mapenzi. Mungu anajua. Basi Mungu akijua, si inatosha? Binadamu wa nini?

Alifungua kifuniko auone wanja kwa mara ya mwisho. Hapo akashtuka.

Katikati ya wanja kulikuwa na shimo. Mtu amechota. Kidole cha Morjina ni chembamba, nacho hupita juu juu, pembeni. Hiki kilichopita hapa kilikuwa kinene, kimezama mpaka chini.

Mtu mwingine alikuwa amechukua wanja huu kwa siri. Amempaka mtoto wake mahali fulani, na hakuna anayejua. Morjina akitupa kikopo akanyamaza, mtoto huyo atakufa bila mtu kujua alikokipatia kifo.

Alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Halafu, badala ya kutupa, alifunga kifuniko, akarudi wodini mbio, sari ikimkamata miguuni.

"Ni mimi!"

Kina mama waligeuka. Daktari Rehnuma alikuwa kwa Tuni, anamhesabia pumzi.

"Nini wewe, khala?"

"Si Kalpona. Ni mimi, daktari. Ni wanja wangu." Alikiweka kikopo juu ya meza. "Kila mwenye doa ana homa. Tazameni wenyewe."

Daktari alitazama. Macho yake yalikwenda kitanda hadi kitanda, kama yale ya Morjina yalivyokwenda, na rangi ikamtoka usoni. Alivaa glovu, akakichukua kikopo.

"Unachovya kidole, unampaka huyu, halafu unachovya tena kwa yule?"

"Ndiyo."

"Bila kunawa katikati?"

"Nanawa nikianza, nanawa nikimaliza. Katikati siwezi, daktari. Wanja haushiki kwenye kidole chenye maji."

Daktari alifumba macho kidogo. "Basi Kalpona alikuwa anawasafisha nyuso, bakteria wakamhamia yeye. Wale pacha walioletwa kutoka kliniki ya mjini ndio waliokuja nao, nina hakika. Walikuwa wameshapewa dawa za kila rangi. Ukawagusa, ukawaweka bakteria kwenye kikopo, na kikopo kikawagawia wengine." Alishusha pumzi. "Na mimi nilikuwa nayaona madoa haya kila siku. Mtoto wangu mwenyewe nilimpaka alipozaliwa. Nitalaumu nani?"

Lakini kina mama hawakuwa na subira ya daktari. Mmoja wao, aliyefiwa mwanzoni mwa juma na bado ana pacha wa pili kitandani, alimwendea Morjina mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Nilikuwa nakupa wanangu kwa mikono yangu miwili," alisema polepole. "Nilikuwa nakuita khala."

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

"Nilisema mie!" Bibi Jobeda alianza. "Nilisema mgumba ana—"

"Subirini!" Morjina alipiga kelele, naye hajawahi kupiga kelele maishani mwake. "Nitukaneni baadaye! Kuna mtu amechota wanja huu. Kidole kinene, si changu. Aliyechota aseme, jamani! Nawaomba kwa Mwenyezi Mungu, aseme sasa hivi!"

Kina mama wakatazamana. Huyu akatikisa kichwa, yule akatikisa kichwa. Bibi Jobeda alikuwa bado amefungua kinywa, lakini maneno hayatoki tena.

"Bibi?" daktari aliita.

Bibi Jobeda alimchukua mjukuu wake kitandani. Vidole vyake vilihangaika na soksi ndogo ya sufi, vikashindwa, vikajaribu tena. Soksi ilipotoka, kila mtu aliona. Chini ya unyayo wa mguu wa kushoto, pasipoonekana na mtu, palikuwa na doa jeusi, zito, limepakwa likapakwa tena.

Ala! Hata mimi ninayewasimulia nilishika kichwa.

"Juzi," Bibi Jobeda alisema, sauti imekuwa ya mtoto. "Huyu Morjina alipokwenda kuswali. Wangu ndiye mnene peke yake. Kila aliyefiwa alikuwa anamtazama wangu. Nikaogopa macho yao. Mkono wake siutaki, nikasema, lakini wanja wake..."

Daktari alikuwa ameshaweka kiganja kwenye kifua cha mtoto.

"Ana joto," alisema.

Bibi Jobeda alikaa chini, palepale sakafuni.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tuni akaingizwa chumba cha pembeni cha kwanza, mjukuu wa Bibi Jobeda cha pili, kila mmoja peke yake, asiguswe na mtu mwingine. Madoa yakafutwa, vitambaa vikachomwa. Watu walitumwa kumrudisha Sista Kalpona. Alirudi, akapita karibu na Morjina, akasimama kidogo. Hakumshukuru, hakumlaani. Alimtazama tu kama unavyomtazama mtu uliyedhani unamfahamu, kisha akaenda kunawa.

Bwana Mokhles alifunga mkoba wake. Pap!

"Unaelewa, mama," alisema akiangalia viatu. "Siwezi kumkabidhi mtoto kwa... unaelewa mwenyewe."

Morjina alielewa. Alikwenda kukaa nje, kwenye benchi la baraza. Benchi lilikuwa limejaa watu. Yule wa karibu alisogea, wa pili akainuka, mama mmoja akavuta shali kumfunika mtoto aliyekuwa hata haumwi. Kufumba na kufumbua, benchi zima likawa lake.

Walikuwa wakisema ana jicho, na moyoni alikuwa akijiambia ni uongo wa watu wajinga. Sasa hata hilo hakuweza kujiambia. Kila aliyempenda alikuwa amemgusa, na kila aliyemgusa alikuwa mgonjwa. Aliikunja mikono yake kwapani asiione. Upweke alikuwa ameuzoea, lakini huu ulikuwa mwingine, ulimfanya ajiogope mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia baki.

Adhuhuri ikapita.

"Khala."

Daktari Rehnuma alikuwa mlangoni. Nyuma yake, kupitia mlango wa chumba cha pili, kilio cha mjukuu wa Bibi Jobeda kilikuwa kinasikika, chembamba, hakina kituo.

"Tuni amezidiwa. Njoo ndani. Nawa kwanza mpaka kwenye viwiko, usiguse kitu."

Koridoni walikuwapo Bibi Jobeda, Bwana Mokhles aliyekuwa anatafuta pa kupitia aondoke, na Sista Kalpona aliyeshika sahani ya sindano. Daktari alikuwa na boksi dogo mkononi.

"Nisikilizeni nyote, sina muda. Dawa zote zimeshindwa. Imebaki moja, ya zamani, kali, inaweza kuharibu figo za mtoto. Iliyopo stoo inamtosha mtoto mmoja. Nyingine iko njiani kutoka Dhaka, lakini ukungu umefunga barabara. Ikifika leo ni bahati."

"Gawanya," Bibi Jobeda alisema. "Huyu nusu, na huyu nusu. Kidogo kidogo mpaka hiyo nyingine ije."

"Bibi, hizo nusu nusu ndizo zilizotufikisha hapa. Mnanunua vidonge dukani, mnameza siku mbili, mkipata nafuu mnaacha. Bakteria wanaobaki hai ndio wanaojifunza. Nikigawanya leo, nitakuwa nimewafundisha kuishinda na hii. Hao wawili watakufa wote, na wa kesho sitakuwa na cha kumpa."

"Basi mpe wangu!" Bibi Jobeda aliushika mkono wa daktari. "Wangu ndiyo kwanza anaanza kuugua, atapona! Ana baba, ana babu, wajomba zake wamejaa pale getini. Huyo mwingine ana nani? Akifa, nani atamlilia?"

Ni swali baya, msomaji wangu. Lakini hakuwa bibi mbaya aliyeliuliza. Alikuwa bibi aliyempaka mjukuu wake sumu kwa kidole chake.

"Tuni ndiye yuko karibu na kufa," daktari alisema. "Wako anaweza kusubiri saa chache. Labda. Zamu ni ya Tuni. Ila dawa kama hii simpi mtoto bila mtu wake kukubali." Akamgeukia Bwana Mokhles. "Mtoto yuko mikononi mwenu."

"Mimi?" Bwana Mokhles aliukumbatia mkoba. "Daktari, jambo kama hili mpaka niulize ofisini. Yule mkubwa mwenyewe leo yuko harusini."

"Atakuwa amekufa kabla mkubwa hajamaliza biriani!"

"Sasa mimi nifanyeje? Serikali ina taratibu!"

"Unaona?" Bibi Jobeda alisema, machozi yanamchuruzika. "Hana mtu. Nimewaambia, hana mtu."

"Ana mimi."

Wote waligeuka. Morjina alikuwa amesimama dhidi ya ukuta, mikono imeinuliwa mbele yake, maji yanadondoka kwenye viwiko.

"Wewe?" Bibi Jobeda alimkazia macho. "Wewe uliyemtia ugonjwa?"

"Mimi niliyemtia."

Bwana Mokhles alikohoa. Usoni mwake mlikuwa na aibu, na ndani ya aibu mlikuwa na kitu kama huruma. "Mama, fikiri vizuri. Neno langu la asubuhi, kwamba utamlea, bado naweza kulitimiza, ofisi ilishakubali. Lakini nikilitimiza, huwezi kulikana tena. Figo zikifa, ni wewe uliyekubali. Mtoto akifa, watasema umemuua mara mbili. Na huyo wa chumba cha pili..." Aliutazama mlango. "Nakuuliza mbele ya hawa. Wewe ni nani wake?"

Neno lenyewe Morjina alikuwa nalo. Alikuwa amelitamka mara nyingi chumbani kwake, mlango umefungwa, kwa kunong'ona, kwa kuogopa kuwa hata kuta zitamcheka. Mbele ya watu hakuwahi. Alimtazama Sista Kalpona, na Kalpona hakukwepesha macho. Alimtazama Bibi Jobeda, na akaona mwanamke anayemwomba kwa uso mzima akae kimya. Dakika moja tu ya kunyamaza, na boksi lile litahamia mlango wa pili, na hakuna hata mmoja Rangpur nzima atakayemlaumu.

"Mimi ni mama yake," alisema. "Nakubali. Mpe dawa mwanangu."

Bwana Mokhles alitikisa kichwa kukubali. Sista Kalpona akasogeza sahani. Daktari Rehnuma akavunja shingo ya kichupa.

Na ndani ya chumba cha pili, kile kilio kikakatika ghafla.